Msisugue sarafu za zamani kabla ya kuzitambua

Mhariri,

Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu sarafu za Uingereza ambazo familia nyingi hapa Nairobi zimezihifadhi tangu enzi za ukoloni iliwafaa wasomaji kwa kuwazindua kwamba vitu hivyo si takataka, lakini ilikosea pale ilipodai kwamba kadiri sarafu inavyokuwa ya kale ndivyo bei yake inavyopanda. Peni (sarafu ya shaba ya Uingereza) ya Malkia Victoria iliyozunguka mikononi mwa watu hadi sura ikafutika haitakununulia zaidi ya chai na mandazi, ilhali peni ya mwaka 1951, ambayo wengi wangeiona kuwa ya juzi tu, hutafutwa sana kwa kuwa zilitengenezwa 120,000 pekee. Mwenye sarafu anapaswa kwanza aitambue, aichunguze hali yake na ahakikishe kuwa ni halisi, ndipo azungumzie bei. Na katika muda huo wote asiiguse kwa limau, majivu wala brashi ya waya, ingawa makala yenyewe ilimshauri afanye hivyo.

Kuitambua si kazi ngumu, kwa sababu sarafu za Uingereza za karne mbili zilizopita karibu zote zina mwaka na jina la mtawala. Maandishi ya pembeni nayo ni shahidi mzuri. Herufi IND IMP, zilizomtangaza mfalme kuwa mtawala wa India, ziliondolewa kuanzia sarafu za mwaka 1949, baada ya India kujipatia uhuru mwaka 1947. Kwa hiyo nusu kroni (sarafu nyeupe ya Uingereza ya shilingi mbili na peni sita) inayodai kuwa ya 1951 na bado ina herufi hizo itiliwe shaka hapo hapo. Mwaka pia ndio unaotuambia kuhusu madini ya fedha yaliyomo. Hadi 1919 sarafu nyeupe za Uingereza zilikuwa na fedha asilimia 92.5, kuanzia 1920 hadi 1946 zikawa na asilimia 50, na kuanzia 1947 sarafu za matumizi ya kila siku hazikuwa na fedha hata chembe, bali shaba na nikeli. Wauzaji wengi hudhani kwamba mizani itawafichulia tofauti hiyo, lakini nusu kroni ilibaki na gramu 14.14 katika vipindi vyote vitatu. Soma mwaka kwanza.

Hali ya sarafu ndiyo inayoleta ubishi zaidi, na nakiri kwamba hata sisi tunaokusanya hatukubaliani kila mara. Waingereza hutumia madaraja ya maneno, kuanzia sarafu iliyochakaa kabisa hadi ile isiyowahi kutumika, ilhali Wamarekani hutumia alama za 1 hadi 70, mfumo uliobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti zao kubwa za shaba. Hapa kwetu muuzaji husema tu kwamba sarafu ni “safi”, neno lisilomfunga kwa lolote. Njia ya kuaminika ni kutazama kwa lenzi zile sehemu zilizoinuka zaidi, kwa kuwa ndizo zinazolika mwanzo: nywele zilizo juu ya sikio la mfalme, na kwa peni, kofia ya chuma na kifua cha Britannia, yule mwanamke aliyeketi akiwa na mkuki wa meno matatu na ngao. Lakini hapa pana mtego. Katika peni nyingi za George V za kuanzia 1911 hadi katikati ya miaka ya 1920, kichwa cha mfalme kilikuwa kikubwa mno, hata chuma cha kugongea kiliposhuka, shaba ilivutwa upande wa kichwa na Britannia akatoka hafifu tangu kiwandani. Mtu asiyejua humhesabu kuwa amechakaa. Dawa ni kuigeuza sarafu polepole chini ya mwanga wa dirisha: sehemu iliyolika kwa matumizi huwa imefifia kuliko zinazoizunguka, lakini iliyotoka hafifu kiwandani bado hung'aa sawa na uwanja wake, yaani sehemu tambarare inayoizunguka.

Ndiyo maana kusugua ni hasara kubwa kiasi hicho. Nimeishika nusu kroni ya 1887, yenye sura ya Victoria aliyevaa taji dogo la Jubilei yake ya miaka 50 ya kutawala, ambayo mwenyewe aliisugua kwa majivu ili impendeze mnunuzi. Kwa mbali ilimetameta, lakini chini ya lenzi uwanja wote ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba inayofuatana upande mmoja, na ule wekundu wa zambarau ambao fedha hujivika kwa miaka mingi ulikuwa umebaki kwenye mashimo ya herufi tu. Mkusanyaji hukimbia sarafu kama hiyo, au huilipia bei ya fedha iliyomo na si zaidi. Shaba huumia vibaya zaidi, kwa sababu limau huiacha na rangi ya waridi ambayo shaba ya zamani haina kamwe. Kama sarafu ina mchanga au tope, ilowekwe katika maji safi, kisha ikaushwe kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kukikokota.

Kuhusu uhalisi, sarafu ya dhahabu ndiyo inayoigizwa zaidi, na bahati nzuri ndiyo rahisi kupima. Sovereni, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ina uzito wa gramu 7.98 na kipenyo cha milimita 22.05, na kwa kuwa dhahabu ni nzito mno, shaba ya manjano iliyotengenezwa kwa ukubwa ule ule haiwezi kuufikia uzito huo. Sonara yeyote mwenye mizani nyeti atakupimia kwa dakika moja. Kisa cha 1887 kinafundisha: mwaka huo sarafu mpya ya fedha ya peni sita za Uingereza ilitolewa ikiwa na ngao inayofanana na ya nusu sovereni, na wajanja wakaanza kuipaka dhahabu na kuipitisha madukani, hata serikali ikalazimika kurudisha nakshi ya zamani. Ukubwa ulikaribiana, lakini nusu sovereni ina gramu 3.99 na ile ya fedha gramu 2.83. Bandia za kuyeyushwa na kumiminwa hujitoa zenyewe kwa vishimo vidogo vya mapovu, herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika, na mshono ukingoni. Sumaku nayo isaidie, kwa kuwa fedha, shaba na dhahabu hazivutwi nayo. Zipo pia bandia zinazotokana na sarafu halali: herufi H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham, hugandishwa kushoto mwa mwaka kwenye peni ya 1918 au 1919 ili ionekane adimu, au tarakimu ya mwisho ya peni nyingine ya miaka ya 1930 huchongwa iwe 1933. Peni halisi za 1933 zinazojulikana hazifiki kumi, hivyo anayekuuzia moja kando ya barabara anakuuzia hadithi.

Makala yenu iligusia pia senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zile zenye tundu, taji na pembe za ndovu, ikisema zina thamani ya mamilioni kwa kuwa zina jina la Edward VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya sarafu za Uingereza zenye sura yake kuingia mikononi mwa umma, na zile chache za majaribio zilizobaki ndizo zinazouzwa kwa fedha nyingi ajabu. Senti zetu zilihitaji jina tu, si sura, kwa hiyo ziliwahi kugongwa, tena kwa mamilioni ya vipande. Ni ukumbusho mzuri wa kumwonyesha mjukuu, lakini wanaotozwa maelfu ya shilingi kwa kipande kimoja wanaibiwa mchana.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba mkitaja bei ya sarafu tena mtaje pia mwaka wake, uzito wake na hali yake, maana bei bila hayo haimsaidii msomaji. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 nayo isisahauliwe: inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nje ya Kenya kunahitaji kibali. Rupia na pesa (sarafu ndogo za wakati huo) za Mombasa za mwaka 1888, zilizotolewa na ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, zimo humo. Mwenye nazo akitafutwa na mnunuzi wa ng'ambo anayetaka atumiwe kwa posta, aulize kwanza Makumbusho ya Kitaifa kabla ya kufunga bahasha.

Wako,
Mkusanyaji wa sarafu,
Ngara, Nairobi