Mwanangu, usitie saini kabla hujauliza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa miwani ya baba yako, maana yangu imekatika mkono. Umeandika kana kwamba unaenda kung'oa jino. Upasuaji Alhamisi. Haya. Lakini hukuniambia jambo moja tu ninalolitaka: fomu umeshatia saini?

Kama bado, usitie mpaka umuulize daktari, wakikuta nini watakata nini. Huu uvimbe wako wa Sertoli na Leydig, hayo ni majina ya seli unakoanzia, karibu mara zote hukaa kwenye ovari moja. Ukiwa haujatoka nje ya ovari hiyo, huiondoa pamoja na mrija wake. Ile ya pili na mji wa mimba hubaki. Ovari moja yatosha kushika mimba. Hedhi yako ilifungwa na homoni ya kiume inayomwagwa na uvimbe, si kwamba mayai yameisha. Uvimbe ukitoka, wengi huona siku zao tena, na watoto wanazaliwa. Basi iandikwe kwenye fomu kwamba unataka kuzaa. Usiniambie "daktari anajua". Daktari ana wagonjwa wengi. Na wakija kutaja dawa za saratani, uliza habari ya kuhifadhi mayai kabla ya dripu ya kwanza.

Ulipoambiwa ni vifuko vingi kwenye ovari ukapewa vidonge, hukukubali. Hapo nilijivuna, hata jirani nimemwambia. Ulishikilia kwamba nywele za kidevu hazikuja polepole tangu ubalehe, zimekuja ndani ya miezi, na sauti nayo. Ndipo wakapima testosteroni, hiyo homoni ya kiume, wakashtuka. Lakini miezi saba bila hedhi, na mama yako hujui kumwambia? Najua, siku ile ulipopiga simu nikajibu, "Kaka, umekosea namba." Nilicheka peke yangu. Tangu hapo ukawa unaandika tu.

Nywele zitapungua taratibu. Sauti huenda isirudi yote. Wewe piga hivyo hivyo.

Kuna la shingo pia. Kovu langu si la kuanguka, kama nilivyowaambieni. Nilitolewa goita yenye vinundu nikiwa mdogo kuliko wewe, na mama yangu mdogo alikuwa nayo. Bibi yako hakutaka itajwe, nami nikaona niwatishe wanangu kwa lipi. Sasa nasikia kuna jeni iitwayo DICER1: ikiwa na hitilafu, ukoo mmoja unaweza kupata vinundu vya shingo na uvimbe kama wako. Hupimwa kwa damu. Mwambie daktari kabla ya Alhamisi, asije akasikia baadaye. Mdogo wako nitampeleka mwenyewe.

Nimekushonea magauni mawili mapana, yasiyo na mpira kiunoni, ili yasiguse mshono. Kitambaa ni kile cha mapazia, usinicheke. Kitanda chako kilichokuwa kinalia baba yako amekitengeneza, sasa kinalia upande wa ukutani. Funguo ya kabati umeondoka nayo, irudishe.

Nipigie Jumatano jioni uniambie amesema nini kuhusu ovari ya pili. Simu nitaiweka kwenye cherehani. Ikiita sana usikate, siku hizi siwezi kukimbia.

Mama