Yah: Malalamiko kuhusu picha za menyu ya vyakula vya bahari na salio letu

Ndugu Meneja Mkuu,

Salaam. Tumepokea barua ya ofisi yako inayokataa picha zote 12 za menyu na kuzuia salio letu la shilingi 360,000, kwa maelezo kwamba "samaki wanaonekana wamelala". Kwa heshima zote, wanaonekana wamelala kwa sababu walikuwa wamelala. Kamera haina pua, ila macho inayo.

Masharti mliyotia saini mnayo, hatuyanakili hapa. Twende kwenye samaki wa kupaka. Changu alikuwa ameshawekwa mezani kando ya dirisha, kichwa kushoto, shuka jeupe limetandwa dirishani kulainisha mwanga, ubao mweupe upande wa pili ukirudisha mwanga kwenye kivuli cha tumbo. Tui zito lilikuwa limepakwa kwa brashi mara mbili tu, alama za makaa bado zinaonekana. Hapo ndipo meneja wenu wa zamu alipokuja na upawa, akammwagia samaki mchuzi na kusema, "Haya, pigeni. Samaki ni samaki."

Mchuzi wenyewe ulikuwa umepashwa moto hadi tui likakatika. Tui likikatika, mafuta huelea juu, na kila tone hushika taa likawa nukta nyeupe kwenye picha. Ukizifuta zote kwenye kompyuta, ngozi ya samaki inageuka plastiki. Na taa aliziwasha yeye. Mwanga wa dirishani una ubuluu, wa balbu zile ni wa manjano. Ukiirekebisha kamera kwa mmoja, mwingine unaharibika. Ndiyo maana nusu ya sahani imepiga manjano kama mgonjwa wa ini.

Kamba nao. Tuliagiza wakae kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho, wakaangwe sita sita. Waliachwa kwenye beseni tangu saa mbili asubuhi, bila hata kipande cha barafu. Kamba akishakufa, vimeng'enya vilivyomo kichwani huanza kumtia weusi, na barafu huchelewesha tu. Kufika saa sita vichwa vilikuwa vyeusi na nyama imelegea. Ngisi ndiyo usiseme: wa asubuhi ana madoadoa ya hudhurungi juu ya weupe unaong'aa, wenu alikuwa wa waridi. Changu alitoka friza, jicho lina utando mweupe, wakati siku hiyo hiyo kwenye soko la samaki la Deep Sea ngalawa zilikuwa zimeshusha tangu alfajiri. Pweza peke yake ndiye aliyepona.

Tunalirudia la upawa, maana barua yenu imelipita kimya. Wageni wa meza tatu wanatazama. Msaidizi wetu ameshika ubao kwa mikono miwili, hana la kufanya. Tulimwambia, "Bwana meneja, subiri tafadhali, zimebaki picha mbili tu za sahani hii." Akacheka, akamimina, matone yakarukia lenzi. Kisha akachukua kamba kutoka sahani ya pili, ambayo ilikuwa haijapigwa bado, akamla pale pale. "Samaki ni samaki." Mbele ya wageni. Na leo huyo huyo ndiye aliyesaini kwamba kazi yetu ni mbovu!

Tunaomba salio lilipwe ndani ya siku 14, pamoja na gharama ya kusafisha lenzi. Tunaomba pia barua ya kuomba radhi, isainiwe na yeye mwenyewe, siyo na karani.

Halafu jana tumeiona picha ya pweza, mojawapo ya hizo 12 "zilizokataliwa", kwenye bango lenu la barabarani. Basi zile siku 14 tumezifuta, ni siku 7. Mkataba unasema picha haziwi zenu mpaka zilipiwe zote. Bango lishushwe kesho. La sivyo nakala ya barua hii itafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pamoja na mafaili halisi yanayoonyesha saa na dakika ya kila picha, na kutoka hapo tutaonana mahakamani.

Mkitaka kupigiwa upya, tupo, kwa malipo mapya, yote yatangulie. Tunaanza saa moja asubuhi, sahani moja moja, taa zimezimwa, na upawa ubaki jikoni.

Wenu katika kazi,
Wapiga picha wenu wa menyu,
Tanga