Mfuko uandike protini imetoka wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu maneno mawili yanayochapwa kwenye mifuko ya chakula cha mifugo: protini ghafi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nafuga ng'ombe watatu na kondoo kihambani kwangu Machame, wilaya ya Hai.

Mwaka jana mwezi wa saba majani yalikuwa yameadimika, tunalisha mabua ya mahindi yanayopandishwa na pikapu kutoka tambarare. Nikanunua mfuko wa kilo 50 kwenye duka la pembejeo. Uliandikwa protini ghafi asilimia 16, na muuzaji akaniambia ni cha ng'ombe wote, hata ndama. Nilikuwa na ndama jike wa wiki tano. Sitajificha: nilitaka maziwa zaidi ya kuuza, nikampunguzia ya kwake, nikamjazia bakuli la kile chakula.

Mama yake hakuwa na shida, alikula na akatoa maziwa yake kama kawaida. Ndama ndiye aliyedumaa. Manyoya yakasimama, tumbo likawa ngoma huku mbavu unazihesabu. Kila Jumamosi nilimpima kifua kwa utepe wa cherehani, na kwa wiki nne aliongezeka sentimita moja. Moja! Nikadhani minyoo, nikamnywesha dawa. Wapi.

Mfuko ulipokaribia kuisha nikaona chembe nyeupe za mviringo zimejikusanya chini. Nikaweka chache kiganjani, nikadondoshea maji. Kiganja kikapoa ghafla kama nimeshika barafu. Aliyewahi kuwekea mahindi mbolea ya kukuzia, yaani urea, anaijua baridi hiyo. Ili nisimsingizie mtu, nikachanganya kijiko kimoja cha chembe zile na unga wa soya mbichi na maji ya uvuguvugu, nikafunika. Nilipofunua baadaye, harufu ya mkojo ilinitoa machozi. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja urea ikawa amonia. Chumvi haitoi harufu hiyo.

Jioni ile ile, mlango wa stoo nikiwa nimeusahau wazi, kondoo wawili wakaingia wakalamba masalia. Haikupita saa moja mmoja akaanza kutetemeka, povu mdomoni, ubavu wa kushoto umevimba. Jirani akaja mbio na chupa za siki, tukawanywesha pamoja na maji baridi. Tulimwokoa mmoja.

Sasa ile asilimia 16 ilitoka wapi? Kipimo cha kawaida cha maabara hakihesabu protini yenyewe. Kinahesabu naitrojeni, kisha jibu linazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini huwa na naitrojeni kama asilimia 16. Njia ya kupima naitrojeni hiyo ilibuniwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, na ni njia nzuri, ila haiulizi naitrojeni imetoka kwenye mashudu au kwenye mbolea. Urea ya dukani ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha mwenyewe: kilo moja ya urea inasomeka kama karibu kilo 2.9 za protini. Chukua pumba yenye asilimia 11, kila kilo 98 utie kilo 2 za urea, karatasi ya maabara itasoma 16 na nusu. Kwa ujanja wa aina hiyo hiyo, China mwaka 2008 maziwa yalitiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, ili kipimo kisome protini nyingi, na watoto wachanga wakaharibika figo, wengine wakafa.

Wasomaji wasinielewe vibaya, siipigi vita urea. Ng'ombe mkubwa anayeishi kwa mabua inamfaa. Mabua hayo yana protini ghafi kama asilimia 4 au 5 tu, na malisho yakishuka chini ya 7 vijidudu vya tumbo la kwanza vinakosa naitrojeni. Mabua yanakaa tumboni bila kuvunjika, na ng'ombe anaacha kula angali na njaa. Tumbo hilo ni lile lenye nyuzinyuzi kama taulo mnalolikuta kwenye supu ya utumbo, na la ng'ombe mkubwa linabeba zaidi ya lita 100. Vijidudu vilivyomo vinaichukua amonia ya urea, vinajenga protini ya miili yao, vinazaliana, halafu vinasukumwa mbele hadi tumbo la nne na utumbo mdogo ambako navyo vinameng'enywa. Miaka yote niliyofundisha sayansi niliwaambia watoto ng'ombe anakula majani. Kumbe sehemu kubwa ya protini anayoipata ni vijidudu vyake mwenyewe. Ila navyo vinataka sukari au wanga kwa wakati ule ule, kama molasi au pumba. Vikikosa, amonia inapita kwenye damu na ini linazidiwa. Ndiyo maana urea inapimwa kwa mizani, inachanganywa vizuri, na mnyama anazoeshwa kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu.

Ndama wa wiki tano hana kiwanda hicho. Maziwa yake yanapita kwenye mfereji moja kwa moja hadi tumbo la nne, na tumbo la kwanza linakuja kushika kazi sawasawa akiwa na miezi miwili hadi mitatu. Kwake ile asilimia 16 ilikuwa wino tu. Nguruwe na kuku nao hawana tumbo hilo, na huku kwetu mfuko mmoja unalisha wanyama wote wa bandani.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye kila mfuko: kiasi gani cha hiyo protini ghafi kimetokana na urea, na kama ipo, paandikwe "Si kwa ndama, nguruwe wala kuku". Tunayo sheria ya malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010; Wizara ya Mifugo na Uvuvi iupatie mstari huo nafasi kwenye kanuni. Msituambie wafugaji hawasomi. Mimi nasoma, na mabibi wawili wa jirani nawasomea.

Ndama nilimrudishia maziwa yake, nikamwongezea soya iliyokaangwa na mashudu kidogo ya alizeti. Amepona, ingawa leo ni mfupi kuliko mtamba wa jirani aliyezaliwa mwezi mzima baada yake.

Zile chembe nilizipeleka dukani ndani ya kikombe. Muuzaji akachungulia, akasema, "Mama, hiyo si chumvi tu?" Nikamwambia basi alambe. Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu, akamuuliza anataka nini.

Mwalimu mstaafu,
Machame, Kilimanjaro