Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: tiba inayomsaidia na ile inayokumaliza pesa

Wazazi wengi wanaotupigia simu sisi tunaowapangia watoto hawa mazoezi, wawe wa Maweni hapa mjini Malindi au wa kule Gongoni na Marafa, huuliza swali moja hata salamu hazijaisha: mnachua kwa shilingi ngapi? Wameambiwa kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo achuliwe kwa mafuta ya nazi, avutwe miguu, anyooshwe mikono, na siku moja atainuka. Jibu letu kwa wote ni lile lile. Hatuuzi kuchua. Mafuta ya nazi hayamdhuru mtoto, na bibi akimkanda taratibu kabla ya kulala anaweza kumtuliza vizuri sana. Lakini mtoto akiwa amelala tu huku mtu mwingine ndiye anayefanya kazi, ubongo wake haupati cha kujifunza, na miaka ya kujifunza inampita.

Tatizo lenyewe liko kwenye ubongo, uliopata jeraha ungali unakua. Huenda mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, alikosa hewa uchungu ulipokawia, alikuwa na umanjano mkali siku za mwanzo usitibiwe mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, ambayo sisi watu wa Kilifi tunaijua. Mara nyingine sababu haipatikani kabisa. Jeraha hilo haliongezeki, haliambukizi, na halikuletwa na jini wala mwiko uliovunjwa na mama. Hili tunalisema makusudi mbele ya baba na mama mkwe, kwa kuwa wanawake wengi wamebebeshwa lawama hii peke yao, na mama aliyevunjika moyo hana nguvu ya kumfanyisha mtoto mazoezi.

Kinachoweza kuharibika zaidi ni mwili. Misuli iliyokaza haikui kwa kasi ya mifupa, viungo vinajikunja, na nyonga inaweza kutoka mahali pake polepole bila mtu kujua.

Usingoje mtoto "achangamke mwenyewe". Mtoto wa miezi minne ambaye ngumi zake hazifunguki, wa miezi tisa asiyekaa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au ambaye miguu inakaza na kupishana akisimamishwa, aonwe na daktari wiki hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya uwezo wa kukaa, kutambaa na kutembea hupatikana kabla ya miaka mitano, na kwa watoto walioathirika zaidi hata mapema kuliko hapo.

Je, atatembea? Wataalamu hutumia kipimo cha ngazi tano kilichochapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 1997. Wa ngazi ya kwanza hutembea na kukimbia, wa ngazi ya tano huhitaji kushikiliwa hata kichwa. Mtoto anayekaa mwenyewe bila kushikwa akifikisha miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea. Kwa mwingine lengo la kweli ni kiti kizuri, kifua kisicho na maradhi, njia ya kusema anachotaka, na nafasi shuleni. Tutakwambia ukweli huo siku ya kwanza, kwa upole, kwa sababu ukiahidiwa miujiza utauza shamba kuitafuta.

Mwaka 2013 mtafiti wa Australia, Iona Novak, na wenzake walizipanga tiba za watoto hawa kwa rangi za taa za barabarani, kisha wakaupitia upya ushahidi mwaka 2020. Tiba za mazoezi zilizopata kijani zinafanana: mtoto mwenyewe ndiye anayefanya, anafanya jambo lenye maana kwake, na analirudia mara nyingi, hasa nyumbani. Chumba cha oksijeni ya shinikizo, ambacho wazazi huuziwa kwa bei kubwa, kilipata nyekundu. Sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwa watoto hawa bado ni jambo la utafiti, na anayekuhimiza usafiri nje kwa ajili ya sindano hizo muulize kwanza nani ananufaika.

Kwa hiyo tunaanza na jambo moja mnalolitaka nyumbani. Tuseme ni kula kwa mkono wake. Tunamkalisha pembeni ukutani, nyayo zikigusa chini, sinia mbele yake juu ya kistuli kifupi. Anaanza na kipande kikubwa cha boga au kiazi ambacho kiganja kinaweza kukishika, kisha vipande vinapungua wiki kwa wiki. Akiwa na udhaifu upande mmoja, ule mkono mzima tunauvika soksi kwa muda uliopangwa, akicheza, ili mkono mwingine ulazimike kufanya kazi. Ni tiba yenye ushahidi wa kutosha, ila ipangwe na mtaalamu, maana mtoto akikasirika kila siku ataichukia.

Kulisha ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Kumlaza chali na kumtilia uji kinywani ni hatari, kwa sababu uji unaweza kwenda mapafuni na kumletea nimonia. Akae wima, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo, nawe ukae mbele yake, kijiko kidogo kije kutoka chini. Akikohoa kila mlo, sauti ikawa na majimaji baada ya kula, au kifua kikimrudia mara kwa mara, mtaalamu wa usemi na ulaji amwone upesi. Na huyo huyo ndiye anayefundisha mawasiliano kwa picha na ishara. Kutumia picha hakumzuii mtoto kusema.

Mtoto mwenye mapaja yaliyokaza mbebe kiunoni au mgongoni kwa leso, miguu imepanuka, badala ya kumpakata miguu ikiwa imebanana. Kiti si lazima kinunuliwe. Tunawafundisha wazazi kutengeneza kiti cha maboksi ya karatasi na gundi ya unga, kinachopimwa mwilini mwa mtoto. Hapa pwani lazima kipakwe vanishi vizuri, la sivyo unyevu wa masika utakila.

Yako mambo ambayo hospitali pekee ndiyo inayoyaweza. Takriban mtoto mmoja katika kila wanne ana kifafa, na dawa zake hazikatizwi kwa sababu degedege limekoma. Karibu mmoja katika kila watatu hupata tatizo la nyonga, basi omba picha ya eksirei hata kama halalamiki. Watatu kati ya wanne huishi na maumivu, na mara nyingi kilio kinachoitwa ukorofi ni maumivu. Dawa ya baklofeni ya kulegeza misuli, sindano za botulinamu zinazoilegeza kwa miezi michache, plasta za kunyoosha kifundo na upasuaji huamuliwa na daktari, na kila kimojawapo hufuatwa na mazoezi. Kwa hayo tunawaelekeza hospitali ya Coast General, Mombasa, au hospitali ya watoto ya CURE kule Kijabe. Viti vya magurudumu na viatu maalumu, waulizeni APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, huko Mombasa. Idara ya fiziotherapia ya hospitali ya serikali hapa Malindi iendeni bila kusita, hatushindani nayo.

Mwandikisheni mtoto pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na akikaribia umri wa shule mpelekeni kituo cha EARC, kinachopima mahitaji ya kielimu ya watoto wenye ulemavu, akapimwe.

Kazi tunayolipwa ni kupima, kupanga mazoezi pamoja nanyi, kuja nyumbani kuona mahali mtoto anapolala na anapokula, na kurudi kurekebisha mpango. Siku ya kwanza njooni na kitabu cha kliniki, dawa zote anazotumia, chakula anachokula kila siku na kijiko chake. Aje pia yule anayeshinda naye mchana, awe bibi, dada wa kazi au kaka yake mkubwa. Kama mtoto ana homa au alipata degedege usiku, apelekwe hospitali kwanza, sisi tutawapangia siku nyingine bila malipo ya ziada.