Kutoumwa sio kupona: mguu wa mtu wa sukari ukaguliwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya tiba ya leza kwa watu wa kisukari wanaoumwa miguu nikaona nisinyamaze, maana kuna jambo kubwa limeachwa na sisi manesi wa kliniki za sukari ndo tunakutana nalo kila siku. Sina ugomvi na leza. Mtu ambaye nyayo zinamuwaka moto usiku kucha, shuka likigusa tu vidole anaruka, ana haki ya kutafuta nafuu popote pale na mimi namuelewa kabisa. Kilichoniuma ni pale makala iliposema leza inafufua neva, yaani mishipa ya fahamu, na kwamba mgonjwa akiacha kuumwa basi ameshapona. Jamani, hapo ndipo watu wanapopotezea miguu.

Ngoja niwaeleze tunavyopima. Kuna kauzi kafupi ka plastiki kanaitwa monofilamenti, kametengenezwa kapinde kakibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, mimi nakagusisha chini ya kidole gumba na sehemu nyingine za unyayo, akihisi anasema ndio. Sasa anakuja mzee amechangamka, nesi siku hizi siumwi tena, ile leza imenisaidia sana, nafurahi naye kabisa, halafu anafumba macho nabonyeza hapa kimya, nabonyeza pale kimya, naenda mguu wa pili kimya vilevile, mpaka nimemaliza yote miwili ndo anauliza "mbona huanzi?" Huyo haumwi ni kweli. Lakini akikanyaga msumari leo atajua kesho akiona damu kwenye soksi, na kiatu kikimbana malengelenge yatapasuka yawe kidonda na yeye anatembea tu.

Maumivu na ganzi ni vitu viwili tofauti japo vinatoka sehemu moja. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na zinazoanza kuumia ni zile ndefu kuliko zote, ndo maana shida inaanzia vidoleni inapanda taratibu. Neva iliyoumia inapiga kelele, ikishakufa inanyamaza. Kwahiyo kuna watu maumivu yanapungua yenyewe bila leza wala kidonge, kumbe uharibifu ndo umezidi, na wakati huo ndo mtu anatangaza kapona na kliniki haonekani tena.

Tukija kwenye leza yenyewe, inayosemwa hapa sio ile ya kukatia kwenye upasuaji, ni mwanga mwekundu au ule wa infraredi ambao jicho halioni, unapitishwa juu ya ngozi kwa dakika kadhaa. Habari yake ilianzia Hungary mwaka 1967, daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa akaona manyoya yanaota haraka kuliko kwa wale ambao hawakumulikwa. Wanasayansi wanaeleza kwamba mwanga ule unafyonzwa na mitokondria, ndani ya seli kule nishati inakotengenezwa, seli inapata nguvu na vimishipa vya damu vinatanuka. Maelezo mazuri, na mimi sibishani na maabara. Ila mguu wa mgonjwa ndo unatakiwa utoe jibu na majibu yake hadi sasa hayajatulia. Mwaka 2004 huko Canada walichukua wagonjwa 50 wenye maumivu haya, wengine wakapewa leza ya kweli wengine ya kuigiza, maumivu yakapungua pande zote mbili, waliopata ya kweli walipungukiwa zaidi kidogo lakini tofauti haikutosha kusema tiba inafanya kazi. Mwaka 2008 Marekani wakajaribu taa za infraredi za kutumia nyumbani kwa siku 90, uwezo wa miguu kuhisi haukuongezeka kuliko kwa waliotumia taa bandia. Kabla ya hapo, mwaka 2006, bima ya serikali ya Marekani ya Medicare ilishakataa kulipia vifaa vya infraredi kwa ugonjwa huu, na 2011 chama cha madaktari wa neva cha hukohuko kikaandika kwenye mwongozo wake kwamba leza ya nguvu ndogo pengine haifai kufikiriwa kwa maumivu haya. Baadae zimekuja tafiti nyingine zilizoona maumivu yanapungua, ila nyingi ni za watu wachache na muda mfupi. Ndo hali ilivyo. Kuandika inafufua neva ni kuruka mbele ya ushahidi.

Na msiwaone waliopata nafuu kwa mashine bandia ni waongo. Mtu amelala, kuna anayemshika mguu kwa upole, anamsikiliza habari za usiku wake mzima, maumivu lazima yapungue, hiyo tunaijua hata sisi wodini.

Kitu ambacho makala haikugusa hata kwa mstari mmoja ni joto. Mashine za leza zina madaraja, zile za daraja la 4 zina nguvu zaidi ya nusu wati na zinapasha ngozi. Mwendeshaji anategemea mgonjwa aseme inachoma, sasa huyu ambaye hahisi uzi wa gramu 10 atasemaje? Ukimuuliza vipi inachoma anakwambia endelea tu naona raha, na ngozi inaungua. Kwa hiyo anayepiga leza mguu wa mtu wa kisukari bila kuupima hisia kwanza anacheza na mguu wa mwenzie, hilo nalisema wazi. Miwani ya kukinga macho pia ni lazima, kwa mgonjwa na kwa mwendeshaji.

Dawa za maumivu haya zipo, amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini, nazo niseme ukweli hazifufui neva, zinapunguza maumivu tu, ila angalau zimepimwa kwa watu wengi na daktari anajua azianzeje. Halafu kuna hili linasahaulika mno: mtu aliyetumia metformini, ile dawa ya kushusha sukari, miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo peke yake unaleta ganzi na kuchomachoma miguuni, kwahiyo apimwe damu kabla ya kukimbilia mashine, inawezekana shida nusu yake iko hapo na inatibika. Na sukari yenyewe ishushwe mapema, utafiti mkubwa uliotoka 1993 kwa watu wa kisukari aina ya 1 ulionyesha kuidhibiti vizuri kunapunguza uharibifu wa neva kwa asilimia kama 60. Kwa aina ya 2 faida haifiki huko lakini ipo.

Kwa wale ambao wameshaanza leza na wanaona nafuu, sisemi muache leo. Mwambieni anayewahudumia kwamba mna kisukari, aangalie nyayo kabla na baada ya kila awamu, msiache dawa bila kuongea na daktari, na jioni kabla ya kulala mtu akague miguu, katikati ya vidole na chini, kama kuinama ni shida aweke kioo sakafuni au amuombe mtoto amwangalizie. Mkiona wekundu, lengelenge, ngozi imebadilika rangi au kidonda hata kiwe kidogo kama punje, msingoje tarehe ya kliniki, njooni siku hiyohiyo hata kama hakiumi.

Nesi, kliniki ya kisukari