Fundi wenu aliandika sijui kutumia oveni

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: FENI YA OVENI ISIYOZIMA

Nawasalimu kwa heshima, ingawa mimi sikuipata kwenye kaunta yenu.

Risiti yangu mnayo na masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Feni ya kupoza oveni mliyoniuzia, ile ya umeme ya kujengewa kabatini, haizimi. Naamka alfajiri, hakuna aliyepika tangu jana, oveni ni baridi na feni inavuma. Hunyamaza tu nikizima swichi ya ukutani, na hapo saa ya oveni nayo hupotea.

Fundi wenu alisimama mlangoni mwa jiko, akasikiliza, akasema, "Ni kawaida, mama." Hakufungua skrubu hata moja. Najua feni huendelea kuzunguka baada ya kupika ili joto lisiharibu bodi ya umeme na kabati, kisha hujizima oveni ikipoa. Yangu imepoa na haijizimi! Akajaza fomu akaondoka.

Fomu hiyo ndiyo mhudumu wenu aliyonisomea kwa sauti, foleni imejaa nyuma yangu: "Mteja hajui kutumia oveni." Kisha akaniuliza, "Mama, nyumbani hakuna mwanaume wa kukusomea kile kitabu?" Mhudumu huyo ni rika la kitinda mimba wangu.

Na siku hiyo nilikuja na jibu mkononi. Fundi wa stima wa hapa South B alikuwa amekwisha kuikagua. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akaitoa oveni kabatini, akahakikisha nafasi ya hewa nyuma inatosha, akachomoa nyaya za themostati ya feni na kuipima kwa mita. Themostati hiyo ikiwa baridi haifai kupitisha umeme. Joto likipanda ndipo huunga na feni kuanza. Yangu ilipitisha ikiwa baridi kabisa. Akazifunga zile nyaya kwa tepu kila moja peke yake, akawasha umeme: feni kimya. Ingeendelea kuzunguka, tungeshuku relei, ile swichi ya umeme ya kwenye bodi, imegandia. Akazima tena, akazirudisha, kwa sababu kupika bila feni hiyo ni kuunguza bodi. Yote hayo angeweza kuyafanya fundi wenu. Mlipoyasikia mkasema waranti imekufa kwa kuwa mtu wa nje ameigusa. Nyinyi mlikataa kuigusa!

Narudi kwenye kaunta, maana hilo linaninyima usingizi kuliko hiyo feni. Nilimwomba mhudumu anipe fomu niisome mwenyewe. Akaivutia upande wake, akaisoma tena, polepole, neno moja moja: Mteja. Hajui. Kutumia. Oveni. Mtu akacheka kwenye foleni. Msimamizi wa zamu alikuwa karibu, akaona, akainamia simu yake. Halafu ndipo likaja lile swali la mwanaume wa nyumbani. Mume wangu nilimzika. Sikumjibu, nikatoka.

Nilikuja kutaka themostati tu, kipuri kidogo, iwekwe mpya, ya modeli ile ile, na fundi mwingine, bila malipo. Sasa nataka ile fomu ifutwe, gharama ya fundi wangu irudishwe, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako, si ya mhudumu. Na kwa vile waranti mnasema imekufa, sioni kwa nini nikubali kipuri: nipeni oveni nyingine au mnirudishie pesa zangu zote.

Ibara ya 46 ya Katiba inanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 mnaijua. Nasubiri siku 7. Zikipita, malalamiko haya yataenda kwa Mamlaka ya Ushindani, nami nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na oveni yenu haifiki bei hiyo. Sihitaji wakili. Fomu yenu mnayo, na hakimu nitamwomba aisome kwa sauti.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, South B