Kaka, kuhusu samaki wa Mto Mara

Kaka mambo, pole na kazi.

Uliniuliza mbona samaki wa Mto Mara hawafanani toka juu mpaka chini na maji ni yaleyale, nikaona bora nikuandikie kabla hujaingia kwenye mkutano wenu wa wavuvi. Kwanza maji si yaleyale. Kila ardhi mto unapopita inaacha kitu humo.

Kule juu kwenye mito ya Nyangores na Amala inayotoka msitu wa Mau na kuungana kuwa Mara, palipobaki miti kingoni maji ni ya baridi, kivuli kipo, mawe mengi, majani yanadondoka wadudu wanayala alafu samaki wanakula wadudu. Sasa kata miti, lima mpaka ukingoni, mvua moja tu udongo unashuka wote unaziba vile vinafasi kati ya mawe, wadudu wanakosa pa kukaa na samaki wanaotaga kwenye changarawe wanakosa pa kutagia. Samaki anayeitwa ningu anakwangua ule ujani wa kwenye mawe, jiwe likifunikwa tope atakula nini? Kambare yeye tope halimsumbui, ndo maana mtu anakwambia samaki bado wapo kumbe aina zimepungua wamebaki wavumilivu tu, na hii kaka inaniuma sana.

Ukishuka mbugani mambo yanageuka tena, jua kali, maji ya vuguvugu, na viboko. Kiboko usiku anakula nyasi nchi kavu, mchana anashinda majini ananya humohumo. Kidogo ni chakula, kinalisha wadudu na samaki pia, lakini kiangazi mto kama Talek, unaoingia Mara, unakaribia kusimama na mavi yanajaa chini ya dimbwi, yanaoza yanamaliza oksijeni, alafu mvua kubwa ikipiga ghafla uchafu wote unasukumwa mpaka Mara na samaki wanakufa kwa wingi. Kambare anaweza kuchomoza akavuta hewa ya juu, wengine hawana hiyo bahati. Na sisemi viboko waondolewe! Mto ukipungua maji kwa sababu ya yanayofanyika kule juu, madimbwi yanakaa muda mrefu bila kusafishwa, tatizo linazidi.

Alafu kuna nyumbu. Watafiti mwaka 2017 waliandika kwamba kwa wastani zaidi ya 6,000 wanazama Mara kila mwaka wakivuka, samaki wanakula ile nyama, na mifupa inaendelea kuachia fosforasi, yani kirutubisho, majini kwa miaka, yani majani ya Serengeti yanaishia tumboni mwa samaki.

Kwa hiyo mkutanoni wakianza na nyavu za macho madogo, sawa, ni kweli zinaharibu, ila na wewe uliza nani kalima mpaka ukingoni na ng'ombe wanashukia wapi kunywa, maana ningu anapanda mto kutaga mvua zikianza na akifika juu akakuta tope tupu, nyavu za macho makubwa hazitamsaidia.

Wasalimie nyumbani, na niandikie walichokujibu.